Koh-i-Noor: Ugumu wa kuirudisha hauhalalishi ilivyochukuliwa

Mei 2023 Malkia Camilla wa Uingereza alitawazwa bila Koh-i-Noor. Almasi hiyo ya karati 105.6 ilibaki kwenye taji lililotengenezwa mwaka 1937 kwa ajili ya mama yake Elizabeth II. Haikuvaliwa, lakini madai ya kutaka irudishwe hayakuisha.

Wanaotaka ibaki London wana hoja nzito. Mwaka 1739 Nader Shah wa Uajemi aliipora Delhi na kuondoka nayo. Alipouawa, ikaangukia kwa Ahmad Shah Durrani, mtawala wa Waafghani. Mwaka 1813 mjukuu wake, Shah Shuja, akalazimika kumwachia Ranjit Singh wa Punjab. Lahore, Waingereza walikoichukulia, leo iko Pakistan, lakini India nayo inaidai. Iran na Afghanistan pia zimewahi kutajwa. Ukimpa mmoja, wengine watasema wamedhulumiwa.

Sawa, ila hoja hiyo inahusu nani apewe. Haigusi namna Uingereza yenyewe ilivyoipata. Mkataba wa Lahore wa Machi 1849 ulitiwa saini na Maharaja Duleep Singh wa Punjab, mtoto wa miaka 10, wakati jeshi lake limeshashindwa vitani na Waingereza, naye ameshatenganishwa na mama yake, Jind Kaur. Kifungu cha tatu kinamtaka aitoe almasi kwa Malkia wa Uingereza, na humo humo kinataja kwamba Ranjit Singh aliichukua kwa Shah Shuja. Walijua ni mali ya kunyang'anyana, na bado wakaichukua.

Mwaka 2016 wakili wa serikali ya India aliiambia Mahakama ya Juu kwamba haikuibwa wala kuchukuliwa kwa nguvu. Muda si mrefu serikali ikajitenga na kauli hiyo. Wengine hutaja mwaka 1854, Duleep alipopewa almasi aishike katika kasri la Buckingham, akaitazama dirishani, kisha akamkabidhi Malkia Victoria kwa mkono wake. Siioni hiari hapo. Angefanya nini kijana anayeishi kwa posho ya waliompokonya kiti cha enzi?

David Cameron, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikataa kuirudisha mwaka 2010 kwa hofu kwamba ukikubali ombi moja, makumbusho yatabaki matupu. Hiyo ni hofu ya mwenye kushikilia, si haki yake. Uingereza ingeweza kuziita India na Pakistan mezani, hata kwa kuanzia na kuionyesha Lahore, na Amritsar ya India, kwa zamu.