Ruaha Isubiri Kidogo: likizo ya familia katika Nyanda za Juu Kusini

Shule zikikaribia kufungwa, iwe Juni au Desemba, familia nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa hurudi kwenye mjadala uleule. Upande mmoja unasema tukusanye fedha twende Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na zikipungua tukae nyumbani, maana mtoto hajatalii kama hajaona tembo. Upande wa pili, ambao aghalabu ni mzazi mmoja anayeongea kwa sauti ya chini, unauliza: je, Isimila? Je, Daraja la Mungu, Kimondo, Matema? Jibu huja upesi: hayo ni mawe na maji tu, utamlipiaje mtoto nauli akaangalie jiwe?

Jibu hilo lina hoja ndani yake, na nitazitaja. Lakini linasahau anayesafirishwa ni nani.

Tuanze na saa, kwa sababu likizo ya mtoto huharibiwa na saa kabla haijaharibiwa na fedha. Mbeya hadi Iringa ni kilometa zipatazo 330. Ni lami mwanzo hadi mwisho, lakini ni barabara ya TANZAM, iendayo Zambia: malori ya Zambia na Kongo yako mbele yako, vijiji vya mwendo wa kilometa 50 kwa saa vinafuatana, na kwenye mizani kuna foleni. Hesabu saa sita, na saba mkisimama Makambako kula. Kutoka Iringa hadi langoni Ruaha ni zaidi ya kilometa 100 nyingine, kwa hiyo familia yenye busara hulala Iringa. Siku nzima imekwisha na hakuna aliyeona hata digidigi. Kesho yake mnaingia hifadhini, ambako hamshuki kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa. Matembezi ya miguu pamoja na askari yapo, ila si ya watoto wadogo. Basi mtoto aliyekwisha kukaa saa tisa kwenye kiti anaongezewa nyingine tano au sita kwenye kiti hichohicho. Ikifika saa nane mchana, simba aliyelala kivulini mita sitini kutoka barabarani ni doa la kahawia tu, na swali la mtoto wa miaka sita si la simba tena. Ni maji, choo, na tunarudi lini. Halafu zipo saa za kurudi.

Mtoto huyo hana tabia mbaya wala hakosi shukrani. Amepewa likizo iliyopimwa kwa subira ya mtu mzima. Kijana wa miaka 13 anayejua kutumia darubini na kutofautisha pofu na tandala atafurahia kila dakika ya safari hiyo. Mdogo wake atakumbuka zaidi soda ya Makambako.

Sasa linganisha na Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Mtoto anashuka garini na hapandi tena kwa saa mbili. Chini ya banda zimelala zana za mawe kwa mamia, mashoka ya mkono yenye ncha upande mmoja na kitako cha kushika upande mwingine, na vipimo vya wanasayansi vilikadiria umri wake kuwa kama miaka 260,000. Mabaki hayo yalianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwishoni mwa muongo huohuo. Pamoja na zana ilipatikana mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu kuliko ya kiboko wa leo. Mwombe mwongozaji aeleze jinsi shoka lilivyoshikwa, kisha mpe mtoto muda wa kujaribu kwa mkono mtupu. Hapo ndipo "mawe tu" yanapogeuka. Baadaye mnateremka korongoni kwenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji na upepo, na watoto wanatembea katikati yake.

Mambo mawili huharibu Isimila, na yote yanaepukika. La kwanza ni jua: korongo halina kivuli, kwa hiyo fikeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, kila mtu na kofia na angalau lita moja ya maji. La pili ni mvua. Udongo wa pale ukilowa unateleza kama sabuni na maji hupita korongoni kwa nguvu, hivyo mvua ikiwa imenyesha usiku, ngojeni mchana pakauke. Na mtoto aambiwe mapema, kabla hajaona chochote, kwamba hakuna jiwe linalotiwa mfukoni.

Siku hiyohiyo kijiji cha Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, kinawezekana. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, na kiko kwenye barabara ileile iendayo Ruaha. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lipo pale, na mzazi aamue mwenyewe kama mtoto wake amefikia umri wa kulitazama. Miaka minane si mapema mno kama amesimuliwa kwanza: vita vya Lugalo mwaka 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga 1894, Mkwawa kujipiga risasi Julai 1898 ili asishikwe, fuvu kupelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 kudai lirejeshwe, na Gavana Edward Twining kulirudisha mwaka 1954 kutoka makumbusho ya Bremen. Aliyesoma hayo shuleni kwa mistari minne anayakuta yana mahali, yana mlango na mlinzi. Jioni ikifika, pandeni mwamba wa Gangilonga mjini mtazame jua likizama, ila mshuke kabla giza halijaingia.

Hoja ya wapinzani iliyo nzito kuliko zote ni ya huduma. Hapa wako sahihi, na anayetetea vivutio vidogo akikwepa hoja hii hawasaidii wazazi. Ruaha ina lango, askari, vyoo, ramani, na bei inayojulikana kabla hujatoka nyumbani. Kwenye vivutio vingi vidogo bei hupatana pale pale, kibao cha maelezo kimefutika au hakipo, choo ni cha kuuliza kwa jirani, na mwongozaji anaweza kuwa kijana hodari au kijana aliyekuja kwa sababu ameona gari. Pale Daraja la Mungu, ambapo lava iliganda juu na Mto Kiwira ukaendelea kupita chini yake, usalama wa mtoto ni mkono wa mzazi. Miamba imelowa, na wilaya ya Rungwe, lilipo daraja hilo, hupata mvua miezi mingi ya mwaka. Kanuni iwe mtu mzima mmoja kwa kila mtoto chini ya miaka minane, viatu vyenye meno, na picha zipigwe mkiwa hatua kadhaa nyuma ya ukingo. Kijungu, ambako mto huohuo unajimwaga ndani ya mwamba kama uji chunguni, kipo kwenye eneo la chuo cha Magereza: mnajitambulisha getini na kuomba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Hata fedha za umma zimeelekea upande wa wanyama. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ulizitaja Ruaha, Mikumi, Udzungwa na hifadhi ambayo sasa ni Nyerere. Mradi ulifutwa mwaka 2024, lakini orodha yenyewe inaeleza jambo: Kitulo, hifadhi ya maua, haikuwemo. Kwa hiyo mtu akisema vivutio vya Mbeya havina huduma, anasema kweli juu ya matokeo, bila kutaja kwamba havijapewa nafasi. Kibao, choo na uzio wa mita ishirini si mambo ya mamilioni ya dola.

Kuhusu "jiwe" lenyewe, yaani Kimondo cha Mbozi: sasa kiko mkoani Songwe, kilometa kumi na kitu kutoka barabara kuu ya Tunduma. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10, karibu chote chuma na nikeli. Asiyejiandaa hukaa pale dakika kumi na kuondoka amenuna. Aliyejiandaa hubeba vitu viwili vidogo: sumaku, hata ile ya kwenye spika mbovu, na dira. Sumaku inanata kwenye kimondo, na dira ikisogezwa karibu mshale wake unapotea. Kisha mtafute mahali palipokatwa. Desemba 1930 mtaalamu wa jiolojia alikata kipande cha sentimeta 10 hivi kwa msumeno wa kawaida wa chuma, na kazi hiyo ndogo ilimchukua saa kumi. Mtoto akiisha kuambiwa hivyo, hupitisha kidole kwenye alama ile kwa heshima.

Jambo ambalo mjadala huu hulipuuza kabisa ni kalenda. Ruaha hupendeza zaidi Agosti hadi Oktoba, maji yamepungua na wanyama wamejazana mtoni. Miezi hiyo shule ziko wazi, ukiacha mapumziko mafupi. Desemba nyasi ni ndefu, mvua imeanza, wanyama wametawanyika, na njia za udongo mweusi hunasa magari. Juni ndiyo nafuu, ingawa kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Kitulo ni kinyume chake: maua huchanua Desemba hadi Aprili, kwa hiyo likizo ya Desemba na ile fupi ya Pasaka huangukia ndani ya msimu. Hifadhi hiyo ya kilometa za mraba 413 hivi, iliyotangazwa mwaka 2005, ina aina zaidi ya 40 za okidi, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Hakuna simba wa kuogopwa, kwa hiyo mtoto anakimbia. Ni uwanda wa mita 2,600 juu ya bahari, hivyo bebeni sweta na koti la mvua hata Desemba. Juni na Julai usiku unaweza kushuka hadi barafu, na maua hakuna. Barabara ya Chimala hadi Matamba ina kona 57 na ndilo jina lake, Hamsini na Saba. Wakati wa mvua si ya gari la Noah wala ya dereva mgeni: lipatikane gari linalovuta magurudumu yote manne, na wakati wa kushuka litumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo hadi ziungue. Mtoto aelezwe pia kwa nini okidi haing'olewi. Viazi vyake vimechimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na mmea uking'olewa kiazi umekufa.

Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano, nalitaja kwa kifupi. Mbeya hadi Isongole ni mwendo mfupi, kisha kuna kupanda kwa saa moja na nusu hadi mbili ndani ya msitu na mianzi. Kuanzia miaka kumi, mtoto anaweza kufika ukingoni. Kuteremka hadi majini ni mteremko mkali wenye mizizi na matope, msiwapeleke watoto.

Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ndiko familia inakopumzika kweli. Kutoka Mbeya ni saa tatu hivi, na lami ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda imeondoa mateso ya zamani. Mnateremka kutoka baridi ya Uyole hadi chini ya mita 500, kwa hiyo nguo nyepesi ziwe juu kwenye begi. Kuna mchanga, milima ya Livingstone imesimama wima kandokando, samaki mbasa wa kuchoma yupo na wali wa Kyela upo. Wakisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, na safari ya mtumbwi hadi kwao ifanyike asubuhi kabla upepo haujaamka, kila mtoto akiwa na jaketi la kuokolea. Kama hakuna majaketi, msipande.

Hatari za Matema ni za afya. Wilaya ya Kyela, ilipo Matema, ina malaria nyingi, na watoto waliokulia kwenye baridi hawana kinga ya wenyeji. Chandarua chenye dawa kiende nanyi hata kama nyumba ya wageni imeahidi. Dalili huanza baada ya siku saba au zaidi, yaani mkiwa mmekwisha kurudi nyumbani, kwa hiyo homa yoyote ndani ya mwezi mmoja mtoto apimwe damu, na mhudumu aambiwe mlikuwa Kyela. Kwa kichocho, ogeleeni penye mchanga wazi na mawimbi, mbali na matete na midomo ya mito ambako konokono hukaa, na mamba pia. Mkitoka majini jifuteni mara moja. Baada ya wiki sita hadi nane pimeni mkojo na choo.

Na kwa familia ambayo bado inasema Ruaha, hasa wakazi wa Iringa ambao saa zao za barabarani hazifiki nusu ya zile za Mbeya: nendeni Juni, mdogo kabisa akiwa amefikisha miaka tisa au kumi. Laleni usiku mbili ndani au jirani na lango, si mmoja. Zungukeni alfajiri hadi saa nne, kisha rudini mpumzike, mtoke tena saa kumi jioni. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, lakini hiyo isiwe sababu ya kuwapeleka. Nguo zisiwe za bluu wala nyeusi, maana mbung'o huzifuata rangi hizo, na mtoto aliyeumwa mara tatu hatatazama tena nje ya dirisha.