Dawa za magugu na jeni za viumbe wa seli moja

Glifosati, dawa ya magugu iliyoingia sokoni mwaka 1974, huua mmea kwa kuziba kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli), na mmea ukashindwa kujitengenezea amino asidi tatu. Wanyama hawana kimeng'enya hicho, na hiyo ndiyo nguzo ya watetezi wake. Nguzo hiyo ni ya kweli, ila haitoshi: bakteria wengi wanacho, na mwani na kuvu vilevile. Dawa inayolenga magugu inawagusa pia viumbe wa seli moja wanaorutubisha udongo na kulisha maisha ya majini.

Je, dawa za magugu huharibu jeni za viumbe hao? Wapinzani husema ndiyo, watetezi husema hapana, na mara nyingi kila upande unazungumzia jambo lake. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, kwa mfano, huzalisha ndani ya seli aina ya oksijeni inayounguza. Bakteria E. coli huijibu kwa kuwasha jeni za kujihami. Kuwashwa kwa jeni si kuharibika kwake. Ni dalili kwamba seli inapigana. Kinga hiyo ikizidiwa, ndipo DNA yenyewe huanza kuumia.

Atrazini, nayo dawa ya magugu, inaonyesha jambo jingine kabisa. Hukaa kwenye protini inayohitajika katika usanidinuru, na mwani ukakosa nguvu. Lakini badiliko moja tu katika jeni ya protini hiyo, kwenye amino asidi ya 264, humpa mwani Chlamydomonas usugu. Ni rahisi kudhani dawa ndiyo iliyosababisha badiliko hilo. Wanasayansi Luria na Delbrück walionyesha mwaka 1943, kwa bakteria walioshambuliwa na virusi, kwamba mabadiliko ya namna hiyo huweza kuwapo kabla ya shambulio. Dawa basi huchuja: wasio na badiliko hufa, wenye nalo huzaana. Kwangu uchujaji huu ndio athari nzito zaidi ya dawa kwa jeni, na vipimo vya kutafuta DNA iliyovunjika haviwezi kuuona.

Uchujaji huo una faida pia. Kuna bakteria wa jenasi Pseudomonas wanaoila atrazini yenyewe, kwa jeni zilizobebwa kwenye plasmidi, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka bakteria hadi bakteria. Udongo hujisafisha kwa njia hiyo, na ni haki kulisema.

Mwaka 2015 watafiti wa New Zealand waliripoti kwamba dicamba, dawa nyingine ya magugu, na glifosati, kwa viwango visivyoua, zilibadilisha jinsi E. coli na Salmonella wanavyozihimili antibiotiki: baadhi ya antibiotiki zilipungua makali, nyingine zikaongezeka. Watetezi walijibu kuwa viwango hivyo vilizidi mabaki yanayoruhusiwa kwenye chakula. Ni sahihi, na mlaji asitishwe bure. Lakini vilikuwa chini ya vile vinavyopulizwa shambani, na huko ndiko bakteria wa udongo waliko.

Kipimo cha kawaida cha kupima sumu ya dawa kwa mwani huchukua saa 72, hutumia spishi moja, na huhesabu ukuaji tu. Kinafaa kujua sumu inazuia ukuaji kwa kiwango gani. Mamlaka zinazoidhinisha dawa hizi zidai zaidi: bidhaa ijaribiwe kama inavyouzwa, pamoja na viambata vyake, kwenye jamii mchanganyiko ya viumbe, kwa vizazi vingi, na jeni za waliosalia zisomwe.