Siku Perry Mason Aliposhindwa Kesi

Oktoba 17, 1963, Wamarekani waliofungulia kituo cha televisheni cha CBS kutazama Perry Mason, tamthilia ya wakili wa utetezi asiyeshindwa, walikutana na jambo ambalo tamthilia hiyo ilikuwa imewazoesha kuamini kwamba haliwezekani. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, inatoa uamuzi, na mteja wa Mason, Janice Barton, aliyeigizwa na Julie Adams, anatiwa hatiani kwa mauaji. Adhabu ni kifo katika chumba cha gesi. Kipindi hicho, "The Case of the Deadly Verdict", kinaanzia pale ambapo vingine huishia.

Ili kuona uzito wake, lazima ukumbuke mazoea ya tamthilia yenyewe. Kati ya 1957 na 1966 vilirushwa vipindi 271, na karibu vyote vilikwenda njia moja: Raymond Burr, akiwa Mason, anambana shahidi kwa maswali mpaka muuaji halisi anakiri mbele ya mahakama nzima. Inasisimua, lakini wanasheria wana haki ya kulalamika. Mshtakiwa hadaiwi na sheria amtafute muuaji. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na unapaswa kubebwa bila kuacha shaka ya msingi. Tena kesi nyingi za Mason ziko katika hatua ya usikilizaji wa awali, ambako hakuna juri na mwendesha mashtaka anatakiwa kuonyesha tu kwamba ipo sababu ya kutosha kumfikisha mtu kwenye kesi kamili. Raia aliyelelewa na vipindi hivyo, siku akiitwa kukaa kwenye juri, anaweza kumwona wakili anayesema "hamjathibitisha" kuwa hana utetezi wowote. Hilo ni kosa kubwa, na haliondolewi na uigizaji mzuri.

Ila katika kipindi hiki kimoja lawama hiyo haina pa kushika. Janice ameshahukumiwa. Ile haki ya kuhesabiwa hana hatia imekwisha siku ile ile. Kwa kawaida mahakama ya rufaa ya kule haisikilizi kesi upya tangu mwanzo. Inatazama kama sheria ilikosewa, haiulizi kama juri ingeweza kuwaamini mashahidi wengine. Anayetaka kuokoka kwa misingi ya ukweli wa tukio analazimika kuleta ushahidi mpya, na wenye nguvu. Kwa hiyo Mason na mpelelezi wake Paul Drake wanapohangaika kumtafuta muuaji, safari hii wanafanya kazi ambayo wakili wa mfungwa wa kifo hana budi kuifanya. Kwa maoni yangu hapa ndipo mtindo wa tamthilia na hali halisi ya sheria vinapokutana sawasawa.

Sidhani ilitokea kwa bahati. Erle Stanley Gardner, aliyemtunga Mason, alikuwa wakili California kabla ya kuwa mwandishi, na mwaka 1948 alishirikiana na jarida la Argosy kuunda jopo la wataalamu wa kuchunguza upya kesi za wafungwa walioonekana kuhukumiwa kwa makosa. Gail Patrick Jackson, mzalishaji mkuu wa tamthilia, alikuwa amesomea sheria. Walijua kwamba uamuzi wa juri ni kitu kimoja na ukweli ni kitu kingine.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Ndani ya saa moja Janice anaokolewa. Watetezi wa tamthilia watasema hii ni burudani, na mtazamaji aliahidiwa ushindi wa Mason. Nakubali nusu. Nusu nyingine inanisumbua, kwa sababu mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mahakama ikikosea, kosa litagunduliwa kwa wakati.

California yenyewe ilikuwa imeona kinyume chake. Caryl Chessman, aliyehukumiwa kifo mwaka 1948 bila kuua mtu, kwa sheria ya wakati ule iliyohusu utekaji, alikaa karibu miaka 12 akisubiri kuuawa kwa gesi katika gereza la San Quentin. Asubuhi ya Mei 2, 1960, jaji wa shirikisho alikubali kusimamisha utekelezaji kwa muda mfupi. Katibu wake alipiga simu gerezani, akakosea namba. Alipoipata namba sahihi, gesi ilikuwa imekwisha kuachiliwa. Simsafishi Chessman, ninachosema ni kwamba muda ambao Mason alipewa na mwandishi wa hadithi, mfungwa halisi hana.

Na kuna mtu mwingine ambaye kipindi hiki kinamhusu kuliko anavyotajwa: Hamilton Burger, mwendesha mashtaka anayepambana na Mason kwenye tamthilia. Mwaka 2009, jaji Sonia Sotomayor alipohojiwa na Seneti kabla ya kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani, alieleza kwamba alivutwa na Burger aliposema kazi yake ni kutenda haki, na haki inatendeka pia pale asiye na hatia anapoachiwa. Seneta Al Franken akamuuliza ni kesi gani moja ambayo Burger alishinda. Hakuikumbuka.

Ushindi huo, yaani kesi ya Janice, nusura umuue mtu asiye na kosa. Ndiyo maana ningetaka swali la nani alipaswa kumwokoa Janice lielekezwe kwa Burger kabla ya Mason. Mwendesha mashtaka ana polisi, ana maabara, ana mafaili yote ya uchunguzi, na kiapo chake cha kutenda haki hakiishi siku juri inaposema "ana hatia".