Moja, Mbili... Moja, Mbili

Kabla hamjanilaumu, naomba ieleweke kwamba hakuna mtu aliyeniambia onyesho limeanza.

Mimi ni fundi sauti. Miaka yote kazi zangu ni harusi, mahafali na mikutano, sehemu ambazo muziki unajulikana ni muziki na waya mbovu unajulikana ni waya mbovu. Sasa kuna jamaa mmoja anaandaa maonyesho ya muziki wa papo kwa papo. Akanipigia simu: fundi wake anaumwa, nimshikie usiku mmoja tu. Kila onyesho anakutanisha wakongwe wawili, watu waliozeekea kwenye muziki usioandikwa popote, na kwa kawaida hao wawili hawajawahi kupiga pamoja.

"Mazoezi yao ni saa ngapi?"

"Hawafanyi mazoezi."

"Wanapiga nyimbo gani, nijiandae?"

"Hawana nyimbo."

Nikanyamaza kidogo, kisha nikaona la maana ni kuuliza malipo. Yeye akadhani nimevutiwa, akanimwagia historia: kwamba Uingereza mpiga gitaa Derek Bailey alikuwa akikusanya wanamuziki wa namna hiyo, wanaobuni muziki palepale jukwaani, kwa jina la Company, anawachanganya anavyotaka, na kwamba tamasha lao la wiki nzima lilianza mwaka 1977 na kuendelea hadi 1994. Nikaitikia "ehee, ehee" huku nikitafuta kalamu niandike saa. Saa mbili kamili usiku, akasema. Hilo nililiandika. Ushahidi ninao.

Siku yenyewe nikafika mapema. Ukumbi mdogo, viti kama sitini. Jukwaani kuna gitaa limelazwa chali juu ya meza, na pembeni yake vimepangwa springi, kisu cha mezani, steliwaya ya kusugulia sufuria, redio ndogo ya mkononi na kifeni cha betri. Nikajua mzee wa watu gitaa limemharibikia njiani, analitengeneza. Hata nikamwonea huruma. (Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba Keith Rowe wa kundi la AMM, lililoanza London mwaka 1965, alishalilaza gitaa mezani zamani hizo, na wengi wakafuata. Wakati ule mimi niliona karakana.)

Nikapanga vitu, nikagundua stendi moja ya maiki imepungua. Nikaenda kuitafuta stoo. Stoo ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa stendi. Nilipoipata hatimaye chini ya mapazia yaliyokunjwa, saa yangu inasoma saa mbili kasoro dakika kumi. Narudi, watu wamejaa, taa za ukumbi zinawaka vilevile, wote kimya kabisa. Nikasema moyoni, leo nimepata hadhira yenye adabu. Na jukwaani wazee wangu wanapima sauti.

Niambieni ninyi mngejuaje. Mzee wa gitaa ameshika kile kifeni, anakisogeza kwenye nyuzi taratibu, kinatoa *vrrrrr*. Mzee wa saksafoni hapulizi kitu, anabonyeza vitufe tu, *tak, tak-tak, tak*, kama mtu anayekagua kama vyote vinafanya kazi. Kisha akapuliza. Akapuliza sauti moja, ikagawanyika ikawa mbili kwenye bomba lilelile, na haikukatika. Nikahesabu dakika nzima haijakatika. Nilipomtazama vizuri nikaona mashavu yamefura: anaweka hewa mashavuni, anaisukuma kwa mashavu huku akivuta nyingine kwa pua. Mzee wa miaka sabini na kitu! Mimi nikipanda jukwaa lile lenye ngazi tatu nahema.

Nikapanda hivyohivyo, stendi begani.

"Shikamooni wazee. Samahanini, namalizia maiki hapa."

Hawakujibu. Mzee wa saksafoni alinitazama tu kwa jicho moja, pumzi haijakatika. Nikamsogezea maiki mdomoni mwa saksafoni, nikairudisha nyuma kidogo, nikachukua maiki ya pili, nikaigonga kwa kidole.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

*Krrr. Krrr-krrr,* likajibu gitaa.

"Moja... mbili."

*Krrr... krrr-krrr.*

"Tatu?"

Wote wawili wakanyamaza. Kimya kikatanda ukumbini, na kwenye kiti cha mbele mama mmoja akaguna "mmmh!" kama aliyeonja kitu kitamu. Nikawaambia, "Endeleeni tu wazee, hapo nilikuwa natafuta levo." Wakaendelea.

Ningeshuka hapo aibu ingekuwa nusu. Lakini fundi ni fundi. Sikio langu likanasa mkwaruzo. Nikainama kwenye meza ya gitaa. "Mzee, hapa kuna kitu kinakwaruza, nadhani ni jeki ya waya." Nikaichomoa. Spika zikapiga *PUUU!* mtu wa nyuma akaangusha kitu. Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, akaichukua ile jeki mkononi mwangu na kuigusa kwa kidole: *bzzz. Bz-bz. Bzzzz.*

Nikawageukia watazamaji. "Mmesikia? Si nimesema ni jeki?"

Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kuwashukuru. Naapa nilidhani wanapongeza ufundi.

Nashuka, nikamkuta mwandaaji kasimama pembeni karibu na mikisa, mtambo wangu wa kuchanganya sauti, mikono kichwani.

"Unafanya nini?" akanong'ona.

"Napima sauti. Bado dakika tano tuanze."

"Wameanza tangu saa mbili kasorobo. Watu walishajaa."

"Nani kawaruhusu?"

Hakunijibu. Nikakaa nyuma ya mikisa hadi mapumziko, nimejikunja nifanane na spika.

Wakati wa mapumziko yule bwana alijitahidi kunituliza, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Akaniambia nisijali, kwenye muziki huu hakuna sauti isiyohesabika. Akanipa mfano wa mwaka 1952, pale Woodstock, New York, ambapo mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano dakika 4 na sekunde 33 bila kubonyeza hata noti moja, na hiyo ni kazi kamili iliyotungwa na John Cage. Kinachosikilizwa ni chochote kinachosikika ukumbini wakati huo.

"Na fundi sauti wa siku hiyo alilipwa?"

Akasema nimepotoka, ila somo nilikuwa nimelielewa: kila sauti inahesabika, kwa hiyo wewe fundi usiguse kitu. Nikajiapiza. Nusu ya pili, hata dari lidondoke, mimi nitaliangalia likidondoka.

Nusu ya pili ikaanza. Hazikupita dakika kumi, kutoka kwenye spika ukaingia mvumo. *Mmmmmmmm.* Mzito, umenyooka, hauna mwisho.

Mvumo huo naujua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Ukichomeka ampu ya gitaa kwenye soketi moja na mikisa kwenye soketi nyingine, waya wa ardhi unakuwa na njia mbili, umeme unazunguka humo, na spika zinaimba ule mtetemo wa umeme wenyewe, mara 50 kwa sekunde. Dawa yake ni sekunde kumi: chomoa, chomeka vyote sehemu moja, basi. Kwenye harusi ningeshautibu kabla bwana harusi hajageuza shingo.

Nikakunja mikono. Sidanganyiki mara mbili.

Na kwa kweli walikuwa wanaupenda, au niliona hivyo. Mzee wa saksafoni alisikiliza, akautafuta kwa chini, akatua kwenye noti ya G, akaona mvumo uko juu yake kidogo tu, akabana midomo akaipandisha G mpaka vikalingana. Mzee wa gitaa akapunguza redio yake kuupisha. Wakauzunguka, wakaupandia, wakaushukia. Kisha wakaanza kupunguza wote wawili, taratibu, mpaka mzee wa saksafoni akashusha ala yake mapajani. Ilikuwa imeisha, ilikuwa nzuri, hata mimi nilisisimka.

*Mmmmmmmm.*

Wakanitazama. Nikawaonyesha dole gumba.

Wakatazamana wao kwa wao, wakachukua ala, wakaanza upya. Baada ya robo saa wakamaliza tena. *Mmmmmmmm.* Wakanitazama. Safari hii nikafumba macho nikawa natikisa kichwa kama yule mama wa kiti cha mbele. Wakaanza upya. Onyesho lililopangiwa dakika arobaini likawa linakaribia saa moja na nusu. Mzee wa saksafoni midomo imemvimba, mzee wa gitaa ameishiwa vyombo anapiga nyuzi kwa funguo za nyumba yake. Kifeni kilishamaliza betri zamani.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa ukumbi, aliyetaka kufunga aende kwake. Akaenda kwenye swichi kubwa, *tap*. Giza. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na halafu makofi ya watu waliosimama gizani, wengine wakipiga mluzi.

Nilikuwa nakunja waya kwa mwanga wa simu wakati wazee walipokuja. Mzee wa saksafoni akaniwekea mkono begani, na sauti yake ilitoka kwa shida, ile midomo haikutani.

"Mwanangu, ule mvumo."

Nikajua yamenikuta. "Niliusikia mzee. Ningeweza kuukata kwa sekunde kumi, ila niliogopa kuwaharibia. Nilidhani ni wa kwenu."

Akamgeukia mwenzake. Mzee wa gitaa akakaa chini kwenye spika, pole pole, ameshika magoti.

"Sisi," akasema, "tulikuwa tunakusubiri wewe umalize."