Kura ambazo hazijapigwa zinahesabiwaje?

Kero kubwa ya mchujo wa 2016 wa kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic, Marekani, ilikuwa lile jedwali la televisheni la wajumbe, yaani watu wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Bernie Sanders alishinda New Hampshire kwa asilimia 60 dhidi ya 38 za Hillary Clinton, akavuna wajumbe 15, mwenzake 9. Ukiwasha runinga, unakuta Clinton anaongoza kwa mamia!

Mamia hayo yalitoka kwa vigogo wa chama: magavana, maseneta, wabunge na wajumbe wa kamati ya taifa, zaidi ya 700 kwa jumla. Hawafungwi na matokeo ya jimbo lolote. Waandishi waliwapigia simu, wakauliza wanamuunga mkono nani, kisha wakajumlisha majibu hayo na wajumbe waliotokana na kura halisi. Wakati huo kigogo alipiga kura kwenye mkutano mkuu, mwaka ule Julai, Philadelphia, na kabla ya hapo alikuwa na ruhusa ya kubadili nia. Mwaka 2008 wapo waliomhama Clinton huyohuyo wakaenda kwa Obama.

Clinton aliongoza hata kwa wajumbe wa kura, hilo halina ubishi. Lakini kwa nini shirika la habari la AP litangaze tarehe 6 Juni kwamba ameshapata wajumbe wa kutosha kuwa mgombea, kwa hesabu ya simu, wakati California yenye wajumbe 475 inapiga kura kesho yake? Aliyepanga kwenda kituoni asubuhi aliambiwa mchezo umekwisha. Safu mbili tofauti kwenye jedwali, moja ya wajumbe wa kura na nyingine ya vigogo, zingetosha kabisa.