Mgongo ulioliwa na saratani: ufungwe vyuma au upigwe mionzi?

Mzee mwenye saratani ya tezi dume analalamika mgongo. Akilala, maumivu yanatulia. Akitaka kuketi, anashika kitanda kwa mikono miwili na jasho linamtoka. Ni rahisi kusema ni uzee, ila maumivu ya namna hii ni ya pingili iliyoliwa na saratani hadi ikashindwa kubeba mwili. Je, apasuliwe, pingili zifungwe kwa skrubu na vyuma, au apewe mionzi tu?

Wanaosita kupasua wana hoja nzito. Saratani iliyokwisha kusambaa mifupani haimalizwi na kisu. Kidonda kinadai wiki kadhaa kupona, na aliyebakiza miezi michache hana wiki za kupoteza. Ngozi iliyopigwa mionzi huchelewa kufunga. Tena limfoma (saratani ya tezi za limfu) na mieloma (saratani ya uboho wa mifupa) kwa kawaida husinyaa vizuri kwa mionzi peke yake.

Lakini mionzi huua chembe za saratani. Mfupa uliobonyea hauwezi kuusimamisha. Mwaka 2005 Patchell na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 101 ambao saratani ilikuwa imebana ugwe wa fahamu mgongoni. Waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea. Waliopata mionzi tu, asilimia 57. Nusu ya waliopasuliwa walitembea siku 122 au zaidi. Upande wa pili, siku 13! Kuishi kwenyewe hakukutofautiana hivyo: nusu ya waliopasuliwa waliishi siku 126 au zaidi, wenzao siku 100.

Kwangu mimi, kwa mgonjwa ambaye mgongo umelegea na bado anajikongoja, takwimu hizo zinatosha: apasuliwe, tena upesi. Ila wale walichaguliwa. Walitarajiwa kuishi angalau miezi 3, na waliopooza hawakuwa wamezidi saa 48. Anayefikishwa Dar es Salaam au Nairobi akiwa na wiki mbili hahisi miguu, matokeo yale hayamhusu, na sioni haki ya kumwahidi kwamba atasimama. Huyo mionzi na dawa kali za maumivu vitamfaa zaidi.

Familia inayouza shamba ili mzee apasuliwe iambiwe kabla ya kutia saini kwamba saratani itabaki. Inacholipia ni mzee kwenda msalani mwenyewe, bila mpira wa mkojo, bila kugeuzwa kitandani usiku kucha asipate vidonda.