Unga nao hulipuka, msitazame Hoima peke yake

Tangu mafuta yapatikane Bunyoro, magharibi mwa Uganda uliko mji wa Hoima, mwaka 2006, mafundi umeme wengi ninaowajua wanatamani cheti cha kufunga vifaa kwenye maeneo yenye gesi inayolipuka. Ni jambo jema. Visima vya mafuta vya Tilenga na Kingfisher, pamoja na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga, havitaki fundi wa kubahatisha. Lakini kwa wengi wetu hatari iko jirani zaidi: Kisenyi, hapa Kampala, kwenye mashine za kusaga unga wa posho, yaani unga wa mahindi.

Ndiyo, unga hulipuka. Mwaka 1785 ghala la mwoka mikate mjini Turin lililipuka kwa mwali wa taa tu. Mwaka 2008 vumbi la sukari liliua watu 14 kiwandani Georgia, Marekani. Mara nyingi mlipuko wa kwanza ni mdogo, ila hukung'uta vumbi lililolala juu ya mbao za paa na mabomba. Likishatimka lote hewani na kukutana na moto, hapo ndipo jengo linapoondoka.

Sasa ingia kwenye mashine zetu uitazame mota. Kifuniko cha boksi la nyaya hakipo, waya zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu, swichi iko ukutani hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa kinu na kila ikizimwa inatoa cheche. Mapezi ya kupozea mota huyaoni kwa unga. Unga ule ni blanketi: joto halina pa kutokea, mota inazidi kuchemka, na unga wenyewe unaweza kuanza kuungua polepole bila mtu kuona moto.

Wenye pesa nao hudanganyika. Wananunua boksi zito la chuma lililotengenezwa kwa ajili ya gesi, wakidhani linafaa popote. Boksi lile halizuii gesi kuingia. Gesi huingia, hulipukia ndani, chuma kikastahimili, na moto ukipenya kwenye mwanya mwembamba wa kifuniko unapoa kabla ya kutoka nje. Bolti moja ikikosekana, kazi yote imeharibika. (Na bolti ndicho kitu cha kwanza kupotea kwa fundi yeyote, tusidanganyane.) Vumbi lina masharti yake: boksi lisiloingiza vumbi kabisa, la daraja la IP6X, na uso wa mota usiopata joto la kuuchoma unga. Mota iliyotengenezwa kwa maeneo kama hayo ikisukwa upya nyaya zake na fundi asiyeijua, kibao chake cha maelezo hakina maana tena.

Simdai mwenye kinu kimoja anunue vifaa vya bei ya Ulaya. Namdai ufagio kila jioni, mashine ikiwa imezimwa na kupoa, na asipulize unga kwa kompresa, maana hapo anatengeneza wingu lenyewe la kulipuka. Wakaguzi wanapima sumukuvu kwenye mahindi, basi watazame na juu ya mbao za paa.

Kisha swichi ihamishiwe nje ya chumba cha kusagia. Ni mita chache za kebo na tundu moja ukutani. Wenye majengo wanaopangisha vyumba vya mashine wanaweza kulifanya hilo kabla hawajapandisha kodi tena.